Kijiji cha Mpakani Hakijengwi kwa Amri

Watu wa visiwani tumezoea kupima umbali kwa maji. Mtu wa Tumbatu, wa Kojani au wa Mafia haulizi mahali fulani pako maili ngapi. Huuliza chombo kinaondoka lini na upepo ukoje. Kwa hiyo tunapoleta leo habari za nchi iliyo mbali na bahari yetu, yaani Mbinga na mwambao wa Mkoa wa Ruvuma katika Ziwa Nyasa, hatudhani kwamba tunawapeleka wasomaji wetu ugenini. Mwananchi wa Liuli au wa Lituhi naye hupima safari yake kwa namna hiyo hiyo. Upepo wa kusi, ambao wavuvi wa ziwa lile huuita mwera, ukivuma kwa nguvu, mitumbwi hulala ufukoni, na mgonjwa, barua na mfuko wa chumvi vyote husubiri.

Tumekusudia kuzungumza juu ya jambo moja tu: maisha ya pamoja katika vijiji vya mbali vilivyo karibu na mpaka, jinsi yanavyodhoofika, na jinsi yanavyoweza kuhuishwa. Tunalizungumza mbele ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakazi wa visiwa, ambao maradhi haya wanayajua kwa kuyaona katika mitaa yao wenyewe. Wa pili ni watumishi wa Serikali, ambao kalamu zao zaweza kuponya na zaweza kuua. Hatuna nia ya kumlaumu mtu. Nia yetu ni kukumbusha, kwa kuwa taifa linalosahau lililojaribu jana hulazimika kulipia somo lile lile mara mbili.

Mwambao huo unaanzia Lituhi upande wa kaskazini na kuteremka kupita Liuli na Mbamba Bay mpaka Chiwindi, mlangoni mwa Msumbiji. Ng'ambo ya maji iko Malawi. Hadi mwaka 2012 vijiji hivi vyote vilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga. Mwaka huo ikatangazwa Wilaya ya Nyasa, na makao yake yakawekwa Mbamba Bay. Nyuma ya mwambao imesimama milima ya Umatengo, nchi ya baridi, kahawa, mahindi na maharage. Chini yake ni nchi ya joto, mihogo, mpunga na samaki, hasa wale dagaa wadogo waitwao usipa. Tangu zamani milima na ziwa vimelishana: maharage yameteremka na samaki wamepanda. Wilaya zimegawanywa, lakini tumbo la nchi ni moja.

Historia haikuwatendea watu hawa kwa upole. Mkataba uliotiwa saini Ulaya tarehe 1 Julai 1890, baina ya Uingereza na Ujerumani, uliwapangia mpaka bila ya mtu wao mmoja kuulizwa. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa juu ya chelezo hapo Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Vita vya wakubwa vikaingia ziwani kabla wavuvi hawajajua kisa chake. Halafu, tangu mwaka 1964, wananchi wa Msumbiji walipochukua silaha kujikomboa na utawala wa Wareno, mwambao huo na nchi iliyo nyuma yake viliwapokea wakimbizi, na Lundo ikawa mojawapo ya makazi yao. Mwenyeji aliyekuwa na chungu kimoja cha ugali wa muhogo alikigawa. Na hivi karibuni zaidi, mwaka 2011 na 2012, mzozo wa mpaka baina ya Tanzania na Malawi ulipofufuka kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, jina la ziwa lilisikika katika kila redio.

Tunalotaka msomaji alitambue ni hili: kila mara mpaka unapotajwa, hutajwa na watu wasiokaa mpakani. Hutajwa kwa ramani, kwa mkataba na kwa bunduki. Ni nadra kutajwa kwa shule, kwa zahanati, kwa wavu na kwa jembe. Sisi tunaamini kwamba mpaka haulindwi na jiwe la alama peke yake. Mpaka hulindwa na kijiji ambacho jioni moshi wa mapishi unapanda kila nyumba, ambacho vijana wake wana sababu ya kukaa, na ambacho mgeni akiingia hujulikana kabla hajaketi. Kijiji kilichobaki na wazee na watoto tu, hata kikizungukwa na askari, kimekwisha kuwa mahame.

Na dalili za mahame zinaonekana. Kijana akimaliza shule hutazama njia ya Songea, ya Mbeya au ya Dar es Salaam. Anayebaki huvua peke yake, kwa wavu wa kukodi, na samaki wake huuzwa kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Mkutano wa kijiji huitishwa pale mkubwa anapokuja, nao huwa wa kusikiliza wala si wa kuamua. Ngoma za mganda na kioda, ambazo zilikuwa zikiunganisha kijiji na kijiji kwa mashindano na kwa karamu, katika sehemu nyingi zimebaki kuwa mapambo ya kumpokea mgeni wa heshima. Hapana sheria iliyoviua vitu hivyo. Vimekonda kwa kukosa kazi, maana ngoma, mkutano na ushirika ni viungo vya mwili mmoja, na kiungo kisichotumika hupooza.

Haki inatutaka tuseme kwamba Serikali haikulala. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika katika miaka hii ya 2020, na safari iliyokuwa ya mateso katika milima ile, hasa wakati wa masika, sasa ni safari ya kawaida. Meli ya MV Mbeya II, yenye uwezo wa kuchukua abiria 200 na mizigo ya tani 200, ilianza kazi ziwani mwaka 2021. Hizi ni neema, na asiyezishukuru hajui wananchi walivyokuwa wakitaabika.

Lakini barabara ina pande mbili: huleta na huchukua. Italeta daktari, saruji na mnunuzi. Nayo hiyo hiyo itamchukua kijana, itachukua samaki kabla mtoto wa mvuvi hajaonja, na itachukua ardhi ya ufukoni ikiwa mwenye ardhi hajajua thamani yake. Kijiji chenye umoja huitumia barabara. Kijiji kisicho na umoja hutumiwa nayo. Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yetu, na kwa ajili hiyo tunaomba kurudi nyuma, katika mkoa huo huo wa Ruvuma, tukumbuke kijiji cha Litowa.

Mwaka 1960, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, kikundi cha vijana wa TANU katika Wilaya ya Songea kiliamua kwenda porini kuanzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Jaribio la kwanza lilishindikana kwa kukosa chakula. Hawakukata tamaa; walirudi tena wakiwa wamejiandaa, na Litowa ikasimama. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Baadaye akajiunga nao Mwingereza, Ralph Ibbott, akiwa mshauri na si bwana mkubwa. Vijiji vingine vikafuata mfano huo, na vyote vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikubali kuwa mlezi wake. Hadi mwaka 1969 vijiji wanachama havikupungua 17, na jamaa waliomo walikuwa kiasi cha 400.

Walifanya nini? Walilima pamoja na kugawana mapato kwa uamuzi wa mkutano wao. Kwa fedha za jasho lao na misaada waliyoichagua wenyewe walipata mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao, wakafundishana ufundi wa mitambo na ufumaji. Shule ya Litowa iliwafundisha watoto kulima, kupanga na kuhesabu mambo ya kijiji chao, kabla Mwalimu hajaandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Na Mwalimu alipotoa Ujamaa Vijijini mwezi Septemba mwaka huo huo, wengi waliokuwa karibu naye walijua kwamba sehemu kubwa ya mawazo yale ilikwisha kuonekana kwa macho Ruvuma.

Miaka ile ilikuwa miaka ya kutazama huku na huku. Viongozi wetu wa mwanzo walitazama pia vijiji vya Israeli viitwavyo kibbutz, ambavyo cha kwanza, Degania, kilianzishwa mwaka 1910, na ambavyo vingi viliwekwa mbali na miji, hata kandokando ya mipaka. Wataalamu wa nchi ile walikuja Tanganyika, na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 lilichota mafunzo huko. Hatuingii hapa katika ugomvi wa ardhi ile, ambao ni mzito na wa damu. Tunalotaja ni mpango wa maisha tu. Hata vijiji vile, vilivyosifiwa duniani kote, vilifikwa na madeni makubwa katika miaka ya 1980. Vijana wakaondoka, na vingi vikalazimika kubadili masharti yao, hata kuruhusu wanachama walipwe kwa kadiri ya kazi zao. Vilivyobadilika kwa uamuzi wa wanachama wao viliendelea kuishi. Funzo lake ni kwamba maisha ya pamoja si sanamu ya kuabudiwa. Ni chombo, na chombo hutengenezwa kila kinapovuja.

Litowa haikupewa nafasi ya kutengeneza chombo chake. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zikachukuliwa, washauri wake wa kigeni wakaondoshwa, na walimu wakatawanywa. Kosa la chama kile halikuwa uvivu wala wizi. Kilikuwa na nguvu yake chenyewe, kikiamua mambo yake chenyewe, na wako viongozi walioona kwamba ujamaa usiopita mikononi mwao si ujamaa. Lililotafutwa kwa taabu nchi nzima lilikuwa limekwisha kuota lenyewe pembeni mwa nchi, likang'olewa kwa kuwa mpanzi wake hakuwa na cheo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwaka 1976. Mamilioni wakahamishwa. Nyumba zilijipanga katika mistari iliyonyooka, na ni kweli kwamba shule, visima na zahanati vilifika mahali ambapo havikuwahi kufika; hilo hatulikani. Lakini jamaa 400 wa Ruvuma walioingia kwa hiari waliacha fundisho ambalo mamilioni walioingizwa kwa amri hawakupewa nafasi ya kujifunza. Nyumba huweza kusogezwa kwa lori. Moyo wa kushirikiana hausogezwi kwa lori.

Kuna ushahidi mwingine ambao haukutangazwa sana. Kijiji cha Matetereka, mmojawapo wa wanachama wa chama kile, hakikufa siku ile ya Septemba. Wenyeji wake waliendelea na kazi za pamoja kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ya 1990 watafiti wakakikuta kingali kinasimama wakati ambapo wengi walikwisha kuamini kwamba ujamaa wa vijijini umezikwa. Chama kilivunjwa kwa karatasi, lakini mazoea ya kukutana, kuhesabu na kuaminiana yalikuwa ndani ya watu, wala karatasi haikuyafikia.

Wala haifai kudhani kwamba maisha ya pamoja yalizaliwa na siasa ya mwaka 1967. Wamatengo wa Mbinga wana desturi waiitayo sengu: watu wa ukoo mpana walikuwa wakikutana na kula pamoja, na baada ya chakula wakazungumza mambo ya mashamba, wakasuluhisha magomvi, na vijana wakafunzwa kwa kusikiliza. Ndio hao hao waliobuni kilimo cha ngoro, cha kupanga majani kwa miraba juu ya mteremko, kuyafunika kwa udongo na kuacha mashimo yanayozuia maji ya mvua yasichukue rutuba. Kwa zaidi ya miaka mia milima mikali imelisha watu wengi kwa njia hiyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakishirikiana na Wajapani, walipofanya kazi Mbinga kuanzia miaka ya 1990, waliijenga kazi yao juu ya desturi hizo. Katika kijiji cha Kindimba iliwekwa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati iliyoisimamia ikachukua jina la sengu. Jina hilo halikuchaguliwa kwa urembo. Lilimwambia mwanakijiji kwamba mashine hii ni chungu chetu, na mwenye kula hana budi kuja kuzungumza.

Lakini imani hujengwa polepole na huvunjika upesi. Wakulima wa Ruvuma wameona mengi. Waliona chama chao cha NGOMAT, kilichoanzia wakati wa ukoloni, kikifutwa pamoja na vyama vikuu vyote vya ushirika nchini mwaka 1976. Waliona ushirika ukirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wakauona Ushirika wa Mbinga, MBICU, ukisimama na kahawa yao, kisha ukaanguka katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Mtu aliyeona ushirika ukipewa, ukinyang'anywa, ukirudishwa na kuanguka, akiambiwa leo ajiunge tena, hafanyi kosa kuuliza: safari hii utakuwa wa nani?

Swali hilo lina majibu, na sheria za nchi zinayo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, kuwa mamlaka ya juu ya kijiji katika mambo yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuitumia. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Silaha zimo ghalani. Kinachokosekana ni mkono wa kuzichukua na ruhusa ya kweli ya kuzitumia.

Kwa hiyo tunatoa shauri letu, kwanza kwa watumishi wa Serikali. Mkutano wa kijiji uitishwe kwa wakati wake, kila miezi mitatu, hata kama hakuna mgeni. Hesabu zisomwe kwa lugha ambayo bibi mwenye kuuza usipa anaielewa, na ajibiwe anapouliza. Ofisa akihudhuria, aketi upande wa wasikilizaji. Ikitokea kikundi cha vijana kikajianzisha chenyewe, ofisa asikimbilie kukipa jina, mwenyekiti na katiba ya kunakili. Akiulize kinahitaji nini, halafu akiache kikosee makosa madogo, maana kikundi kisichoruhusiwa kukosea hakitajua kamwe kusahihisha.

Pili, vijiji vya mwambao vipange matumizi ya ardhi yao kabla bei haijapanda, na katika mpango huo itengwe ardhi ya vijana na ufuko wa wavuvi usiouzwa. Barabara ikitangulia na mpango ukafuata, mpango utakuta ufuko una wenyewe wapya. Tatu, meli iwe na ratiba ya kuaminika. Watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa jambo hili. Mkulima anayejua siku ya meli atavuna kwa siku hiyo. Asiyejua atamwuzia wa kwanza kufika, na kwa bei yake. Nne, mtu wa milimani na mtu wa ziwani wauziane kupitia vyama vyao wenyewe, maharage kwa usipa waliokaushwa vizuri, ili faida inayobaki njiani ibaki Mbinga na Nyasa.

Kwa wanavijiji wenyewe shauri letu ni lile la Litowa, nalo si la maneno makubwa. Anzeni wachache, mkiwa mnaaminiana. Hakikisheni chakula kwanza, maana vijana wale wa mwaka 1960 hawakushindwa na wazo. Walishindwa na njaa. Kitu cha kwanza cha pamoja kiwe kile ambacho kila mtu anakiona faida yake ndani ya mwaka mmoja: chanja za kukaushia samaki, mashine ya kusaga, ghala, au boti yenye injini ya kumwahisha mgonjwa. Mwanamke aandikwe mwanachama kwa jina lake, si kwa jina la mumewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ni yake. Wala msione haya kurudisha ngoma mahali pake. Kijiji kinachocheza pamoja Jumamosi hakioni taabu kulima pamoja Jumatatu.

Tunajua tutapingwa. Wako watakaosema kwamba ujamaa ulijaribiwa ukashindwa, na kuurudia ni kufukua kaburi. Tunawajibu kwamba yalijaribiwa mambo mawili yenye jina moja. La hiari lilikuwa likifaulu, likasimamishwa; la amri lilisimamishwa na uzito wake lenyewe. Asiyetenganisha hayo mawili atawanyima wananchi ushirika kwa sababu ya kosa ambalo si la ushirika. Wala hatudai kwamba kila kitu kiwe cha pamoja. Mtu awe na shamba lake, mtumbwi wake na akiba yake. Lakini ziko kazi ambazo mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, haziwezi, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Wako pia watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba mpakani si mahali pa kuachia watu wajiamulie, kwa kuwa huko wako jamaa wa ng'ambo, biashara ya magendo na maneno ya siasa. Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Lakini tunauliza: katika miaka ya vita vya ukombozi, ni nani aliyewatambua wageni, akawaficha waliostahili na kuwataarifu wakubwa juu ya wasiostahili? Ni mwanakijiji. Hakufanya hivyo kwa kuwa aliogopa. Alifanya kwa kuwa nchi aliiona yake. Mtu akinyimwa sauti katika kijiji chake, siku moja ataona kwamba mpaka nao si shauri lake. Jambo hilo ndilo la kuogopa kuliko chama cha ushirika.

Na sisi wa visiwani, habari hii inatuhusu nini? Inatuhusu kwa kuwa Mbinga ni kioo. Katika visiwa vyetu vidogo nako vijana huondoka na boti ya asubuhi, nako ufuko hupimwa na watu wasiovua, nako kikoa na ujima vilivyokuwa vikijenga nyumba ya maskini kwa siku moja vimekuwa hadithi za wazee. Nasi pia tumezoea kungoja kila kitu kije na chombo kutoka ng'ambo: mchele, mwalimu, saruji, hata shauri. Kisiwa kinachongoja hata shauri kimekwisha kuwa mzigo wa chombo. Litowa haikuwa na bandari wala lami, ilikuwa na mkutano wake na mashamba yake, na kwa miaka tisa taifa zima lilikwenda kujifunza kwake.

Tunaiomba Serikali jambo moja lisilogharimu fedha. Kikitokea tena, Liuli au Lituhi, Umatengo au katika kisiwa chochote cha nchi hii, kikundi cha watu waliokaa wakakubaliana kuijenga nchi yao kwa mikono yao, ofisa wa kwanza kukisikia akiulize swali moja tu: tuwasaidie nini? Asiulize: nani amewaruhusu? Swali hilo la pili ndilo lililoulizwa mwaka 1969, na jibu lake tunalilipia hadi leo.